Dari Inavuja: Maji Yanaingilia Wapi?

Mvua za masika zikishika, fundi paa wa Dar es Salaam hapatikani. Kila mwenye nyumba anamtafuta, na kila kijana mwenye ngazi na kopo la lami anageuka fundi paa. Anapanda, anapaka penye kutu, anashuka, analipwa. Mwezi wa sita jua linarudi, doa la rangi ya chai linafunikwa kwa rangi nyeupe, na mambo yanasahaulika. Vuli ikianza, doa lile lile linachungulia tena. Ziko nyumba zinazovuja hivi mwaka hadi mwaka, na kila mwaka mwenyewe anatoa hela, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujua maji yanaingilia wapi. Wote wameona yanapotokea tu, na mara nyingi hapo ni mbali na yalikoingilia.

Kazi ya kutafuta unaweza kuifanya mwenyewe kwa asubuhi moja, au ukamsimamia fundi akaifanya mbele yako. Kuziba kuje baadaye.

Ila umeme kwanza. Maji yakidondoka karibu na taa, feni au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu, usitosheke na ile ya ukutani. Kisha tazama dari yenyewe. Bodi ya jipsamu ikilowa hulegea na kuning'inia, na juu yake huwa pamekaa maji. Lita 20 ni kilo 20, na jipsamu iliyolowa haina nguvu ya kuzibeba. Ikishuka hushuka nzima, na yeyote aliye chini yake ataumia. Weka ndoo, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisbisi pale palipolegea zaidi, maji yatoke. Wengi huona uchungu kutoboa dari yao, lakini kuziba tundu la bisbisi ni kazi ya dakika tano, wakati kubadilisha bodi nzima ni gharama nyingine. Maji yakishatulia, chora ukingo wa doa kwa penseli na uandike tarehe. Mvua ijayo itakuonyesha kama doa limekua.

Uliza yanadondoka saa ngapi

Kabla hujaegemeza ngazi, uliza watu wa nyumbani: maji haya yanadondoka wakati gani? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa.

Yakidondoka hata siku ya jua kali, acha kulaumu bati. Tazama tangi, bomba, bafu la ghorofa ya juu au kiyoyozi. Kiyoyozi hasa ndicho kinachopotosha watu wa mikoa ya pwani. Kikifanya kazi usiku kucha kinatoa maji mengi kutoka hewani, na maji hayo hutoka kwa kibomba chembamba cha plastiki. Kibomba kikiziba kwa vumbi na utelezi, au kikiwa kimelazwa bila mteremko, maji hurudi ndani na kushukia kwenye dari. Mara nyingine kibomba ni kizima, ila sponji iliyofunika mabomba ya shaba imeoza, na shaba baridi inatoa jasho usiku kucha juu ya jipsamu. Zima kiyoyozi siku mbili. Doa likikauka, umepata jibu bila kupanda popote: zibua kibomba, kipe mteremko, vika mabomba sponji mpya.

Maji yakidondoka usiku tu, au saa chache baada ya pampu kuwashwa, tazama tangi la juu. Boya likichakaa halifungi, tangi hujaa na kufurika, na kama bomba la kutolea ziada ni jembamba kuliko la kuingizia, maji humwagika kando. Kama nyumba ina mita ya maji, funga koki zote, soma mita, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja mahali fulani, au boya linalopitisha maji.

Wakazi wa Njombe, Mbeya, Lushoto na kwingine kwenye baridi wana kisa chao: alfajiri bati linadondosha matone wakati usiku haikunyesha hata tone. Huo ni mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za watu, unapanda na kugeuka maji ukikutana na bati lililopoa. Hakuna tundu la kuziba hapo. Fungua njia za hewa kwenye fisha bodi na kwenye pembe za paa, na hakikisha mvuke wa bafuni unatolewa nje, usiishie juu ya dari.

Yakidondoka mvua inaponyesha, sasa ni paa, na bado uliza zaidi. Yakianza dakika chache tu baada ya mvua kuanza, kuna tundu la wazi. Yakianza baada ya mvua kubwa ya muda mrefu, shuku gata iliyojaa au slabu iliyolowa taratibu. Yakija siku za mvua ya upepo peke yake, shuku maungio ya paa na ukuta, au kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, na kumbuka upepo ulitoka upande gani. Ukuta unaoelekea huko ndio uuchunguze kwanza.

Juu ya dari

Subiri asubuhi ya siku kavu. Mchana joto la juu ya dari halivumiliki. Ingia kwa tundu la kupandia, funika pua na mdomo kwa barakoa kwa sababu ya vumbi na vinyesi vya popo na panya, vaa tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Kanyaga mbao za kenchi peke yake. Jipsamu na silingi bodi hazibebi mtu, na nyaya za umeme zimelala humo humo.

Ukiwa bado chini, pima doa liko umbali gani kutoka kuta mbili, kisha upime hivyo hivyo juu. Hapo ndipo pa kuanzia. Maji yakishapenya bati mara nyingi hayadondoki hapo hapo. Hushika papi, yaani mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, hufuata mbao ya kenchi kwa mteremko, na huweza kusafiri mita mbili au tatu kabla ya kukutana na msumari au kona inayoyalazimisha kuachia. Kwa hiyo kutoka juu ya doa, fuata mbao ukielekea juu ya mteremko, usielekee chini. Utaona mstari mweusi kwenye mbao, mwingine umeota ukungu mweupe. Ufuate hadi unapoanzia. Pengine utakuta msumari wa bati uliopita pembeni mwa papi bila kuishika mbao: ncha yake iko wazi, imevimba kwa kutu ya rangi ya machungwa, na chini yake papi ina alama za matone, duara juu ya duara. Hapo umefika.

Ukishafika, zima tochi na ukae gizani kidogo. Mwanga wa jua utaingia kwa kila tundu na kila mapandano yaliyoachana, hata yale ambayo hayajaanza kuvuja. Pitisha kipande cha waya katika kila tundu, ili ukipanda nje ulione kwa urahisi.

Nyumba za zamani, hasa nyumba za serikali na za mashirika, nyingine zimeezekwa kwa asbesto. Hizo usizitoboe, usizikwangue wala kuzikata. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Hapo mwite anayeijua kazi ya kuziondoa.

Kama gizani hukuona kitu, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja abaki juu ya dari na tochi, mwingine apande na mpira. Anza kumwagia chini kabisa, kwenye ukingo wa paa, dakika kumi au kumi na tano, kisha panda hatua moja, dakika nyingine kumi na tano, na kuendelea hadi kofia. Ukianza juu, maji yatatiririka paa zima na hutajua yameingilia wapi. Usiwe na haraka, na usirushe maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Hakuna mvua inayonyesha hivyo, na utavujisha hata paa zima lisilo na kasoro.

Kuhusu kupanda kwenyewe: paa liwe kavu, usiwe peke yako, vaa viatu vya soli ya mpira. Ngazi ikiwa ndefu mita nne, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo kuna papi.

Kuziba bati

Bati kuukuu huvuja katikati pale kutu ilipokula. Bati zima huvuja kwenye misumari na kwenye maungio. Msumari wa bati hukaa mgongoni, kamwe usikae bondeni ambako maji hupita. Kila siku bati hutanuka kwa jua na kunywea usiku, na msumari husukumwa kidogo kidogo hadi unachomoka nusu sentimita. Kuugongelea tena hapo hapo ni kazi ya miezi michache, kwa sababu tundu la mbao limeshatanuka. Ung'oe, weka skrubu ya paa iliyo nene kidogo kuliko msumari na yenye washa ya mpira, uikaze hadi mpira uguse na kubonyea kidogo. Ukizidisha, washa hupasuka na umerudi ulikotoka.

Sasa lile kopo la lami. Sina ugomvi nalo likipakwa mahali pasafi na pakavu. Tatizo ni kwamba hupakwa juu ya vumbi na kutu, jua la pwani likalikausha, likapasuka, na kuanzia hapo maji yakijificha chini yake huozesha bati bila mtu kuona. Simenti ni mbaya zaidi. Bati la chuma la mita 6, likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya la alfajiri, hurefuka karibu milimita 3. Simenti hairefuki pamoja nalo, itapasuka tu. Tena simenti mbichi hula zinki na alumini iliyopakwa juu ya bati, kwa hiyo lile tope uliloliweka kuzuia maji ndilo litakalolitoboa.

Silikoni nazo zina tofauti. Fungua kirija, nusa. Ikinuka siki, hiyo ni ya vioo na sinki. Asidi yake inatia kutu bati. Omba silikoni isiyo na harufu hiyo, ile inayoandikwa kuwa ni ya mabati, au gundi ya poliuretani. Sugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke, ndipo upake.

Kwa tundu dogo unatosha utepe wa lami wenye uso wa alumini, ukibandikwa na kusuguliwa vizuri kuanzia katikati kwenda kingo. Tundu kubwa linataka kiraka: kata kipande cha bati la aina ile ile, kizidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, viringisha kona zake, paka gundi chini, kaza kwa ribiti. Upande wa juu wa kiraka uingie chini ya bati la juu yake kama inawezekana. Bati likishaoza matundu kumi, libadilishe. Na ukienda kununua, geji 30 ni jembamba kuliko geji 28: namba ikipanda, bati linapungua unene, jambo ambalo wauzaji wengine hawana haraka ya kulieleza.

Mapandano ya juu na chini yakiwa mafupi, au paa likiwa na mteremko mdogo, maji ya mvua ya upepo hupanda kinyumenyume kati ya mabati mawili. Sentimita 15 zinatosha kwenye paa lenye mteremko mzuri; paa lililolala linataka zaidi. Legeza skrubu, weka utepe wa mpira unaonata katikati ya mabati, kaza tena. Kupaka gundi kwa nje ni kujidanganya.

Paa la kuficha

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi mijini zina ukuta unaopanda juu na kuficha bati. Zinapendeza. Lakini ukiniuliza, huu ndio mtindo unaovuja kuliko yote, na sababu yake iko kwenye ramani kabla hata bati la kwanza halijapigwa. Katika nyumba ya kawaida gata ikijaa, maji humwagika uani. Katika nyumba ya paa la kuficha gata iko ndani ya ukuta, kwa hiyo ikijaa maji hurudi chini ya bati na kushukia chumbani.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 50, siku moja ya masika isiyo ya ajabu, hupokea lita 6,000. Maji hayo yote yanataka kutoka kwa bomba moja la inchi tatu ambalo mdomoni mwake kuna majani ya mwarobaini na mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, panda ukazoe takataka. Kisha toboa ukuta wa nje utokee gata, uweke bomba la dharura, na mdomo wake uwe chini kidogo ya ukingo wa gata wa upande wa bati. Gata ikijaa, maji yatamwagika nje mbele ya macho yako, na utajua kuna kitu kimeziba. Ni marekebisho ya bei ndogo, na nyumba nyingi hazina bomba hili.

Mahali pa pili ni pale bati linapokutana na ukuta. Mafundi wengi hubandika kipande cha bati ukutani na kukipiga plasta juu. Plasta itaachia. Njia ya kudumu ni kukata mfereji ukutani kwa grenda, wenye kina cha sentimita 2 hadi 3, kukunja ukingo wa bati uingie humo, kukaza, kisha kuziba kwa gundi inayovutika. Pa tatu ni juu ya ukuta wenyewe: kama ni bapa na plasta imepasuka, maji hupenya kupitia matofali na kutokea ndani sentimita chache chini ya dari, watu wakadhani ni bati. Upe mteremko wa kuelekea ndani, upake dawa ya kuzuia maji.

Slabu na bafu la juu

Slabu ya zege huvuja pale maji yanapotuama. Inatakiwa kushuka walau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Kuipima, ziba tundu hilo, jaza maji yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, yaache saa 24, na uangalie chini. Usizidishe: sentimita 5 tayari ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Ufa uliouona upanuliwe kwa patasi, usafishwe, ujazwe gundi ya poliuretani, kisha sehemu yote ipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili inayokatizana, na wavu katikati. Dawa ipande ukutani sentimita 15. Kuipaka juu ya ufa peke yake ni kuyahamisha maji tu.

Kwenye bafu, jaribu kitu kimoja kimoja. Mwaga ndoo ya maji moja kwa moja kwenye tundu la sakafu, subiri saa moja. Kisha ziba tundu, tuamisha maji kidogo sakafuni, subiri tena. Mwisho fungua bomba la mvua lipige kuta zenye vigae. Hatua ambayo dari itajibu ndiyo yenye kosa: ya kwanza ni bomba la maji machafu, ya pili ni sakafu, ya tatu ni simenti nyeupe kati ya vigae. Choo kikishukiwa, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na uone doa litageuka rangi. Kwa wanaoishi ghorofani, jirani wa juu atakwambia kwake hakuvuji, na atakuwa anasema kweli, maana yanavujia kwako. Mwalike ashuke aone, kisha mfanye jaribio hili pamoja.

Dari yenyewe iwe ya mwisho. Iache ikauke kabisa, wiki mbili au zaidi. Ukungu ufutwe kwa jiki iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi, na jiki hiyo isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia. Bodi iliyolainika ikatwe hadi kwenye blandaringi, zile mbao zinazoshika dari, na kuwekwa kipande kipya. Doa lipakwe kwanza rangi ya mafuta ya chini, kwa sababu rangi ya maji peke yake hulinyonya doa na kulirudisha juu.

Na fundi ukimwita, akuonyeshe tundu kabla ya kuliziba, apige picha kabla na baada. Mpatane mapema kwamba sehemu ya malipo itatoka baada ya jaribio la mpira wa maji, wewe ukiwa juu ya dari na tochi. Anayekataa sharti hilo, mshukuru na umtafute mwingine.